Mchawi Aliyevunja Ahadi

Mwaka 2007, nikiwa kidato cha tatu, mtaani kwetu kulikuwa na intaneti kafe ambako tulicheza gemu la mtandaoni kwa kulipia nusu saa. Kuna jamaa alikuwa akimfuata rafiki yangu wa kike humo ndani ya gemu kila siku, akimwandikia matusi ya nguoni. Tuliripoti, hatukujibiwa. Siku moja jamaa akaondoka bila kufunga akaunti yake. Nikakaa kwenye kiti chake kabla hakijapoa, nikaifuta. Miezi mingi ya jasho lake ikayeyuka. Sikumwambia mtu, hata huyo rafiki yangu.

Tukio hilo limenirudia nikisoma upya habari za LambdaMOO, ulimwengu wa mtandaoni ulioanzishwa na Pavel Curtis mwaka 1990 katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California. Humo hakukuwa na picha hata moja. Nyumba, bustani, watu, vyote vilikuwa maneno. Ukiandika kwamba unacheka, wenzako walisoma kwamba umecheka. Wasimamizi wenye mamlaka ya kiufundi waliitwa wachawi.

Usiku mmoja wa Machi 1993, mhusika aliyejiita Mr. Bungle alitumia programu iliyomwezesha kuandika vitendo kwa majina ya wengine. Sebuleni, mbele ya watu, akawaandikia wahusika kadhaa vitendo vya kubakwa na kudhalilishwa, kana kwamba wao wenyewe ndio wanaovitenda. Sisi wapenzi wa fasihi tutaelewa haraka: alimpora mtu kalamu inayosimulia mwili wake. Mmoja wa walioshambuliwa, mkazi wa Seattle, alimweleza mwandishi Julian Dibbell kwamba alikuwa akilia alipoandika hadharani kumlaani Bungle; baadaye alidai ageuzwe chura, yaani afutwe kabisa.

Sasa hapa ndipo penye utata. Miezi michache kabla ya hapo, wachawi walikuwa wametangaza kwamba hawataamua tena ugomvi wa wakazi. Wao watabaki mafundi tu. Kwa hiyo hapakuwa na wa kumhukumu Bungle. Wakazi takriban 30 walikutana, wakabishana kwa muda mrefu, wakatawanyika bila uamuzi. Baadaye, mchawi mmoja aliyekuwa amewasikiliza alikata shauri peke yake, akamfuta Bungle.

Tazama kinyume hicho: mkosaji hakuwa amekiuka kanuni yoyote iliyoandikwa, ila aliyemwadhibu alivunja ahadi iliyotangazwa hadharani. Je, alikosea?

Zamani ningejibu haraka kwamba hapana, hakukosea. Lakini sisi tunaoishi katika miji ambako kelele ya "mwizi!" inatosha kumtoa mtu roho tunajua kujichukulia sheria mkononi huishia wapi. Hata hivyo, naona bado ana utetezi. Aliyeumizwa alikuwa amesema waziwazi anataka nini. Mjadala ulifanyika, na mtuhumiwa mwenyewe alihudhuria. Jina la mchawi lilijulikana, watu wakaweza kumlaumu. Na baada ya hapo Curtis aliweka utaratibu wa maombi na kura, ili wakazi waamue wenyewe. Uvunjaji ule ulionyesha pengo la sheria, na pengo likaanza kuzibwa.

Bungle alirudi kwa jina jingine, Dr. Jest. Jamaa yetu naye alirudi wiki iliyofuata kwa akaunti mpya.

Wakati naandika makala haya, nilimpigia simu rafiki yangu nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo. Kumbe siku zile alikuwa akiyanakili matusi yale kwenye daftari, neno kwa neno, apate kumwonyesha mama yake yule jamaa. Alipokwenda, jamaa akakana: hana akaunti yoyote yenye jina hilo, watafute waone. Wakatafuta, wakaikosa. Mama mtu akamfukuza rafiki yangu kama mzushi.

"Kwa nini hukuniuliza mimi kwanza?" akasema.

Miaka yote hii nilijihesabu miongoni mwa wachawi wema. Lakini yule wa LambdaMOO, kabla hajagusa kitu, alikuwa amekaa na kusikiliza. Mimi nilimlinda mtu bila kumsikiliza.