Waya Mmoja, Serikali Mbili

Uthiru, magharibi ya Nairobi, ni mji mdogo wenye mabwana wawili. Sehemu yake moja imo katika Kaunti ya Nairobi, na nyingine katika Kaunti ya Kiambu. Lakini waya wa umeme hauujui mpaka huo. Ni nani basi mwenye amri juu ya waya? Swali hili ni kongwe kuliko kaunti zenyewe.

Katika mwaka wa 1922 kampuni ya umeme ya Nairobi na ile ya Mombasa ziliunganishwa zikawa moja. Lakini maporomoko makubwa yalikuwa Uganda. Bwawa la Owen Falls, pale Jinja, lilifunguliwa mwaka wa 1954. Kenya ikafanya mapatano ya kununua nguvu yake, na nyaya zikavutwa toka Tororo hadi Nairobi. Nchi hizo mbili zilitawaliwa na Mwingereza yule yule, na hata hivyo zilihitaji mkataba.

Kenya ilipopata uhuru mwaka wa 1963, katiba iliigawa nchi katika majimbo. Majimbo hayo hayakumaliza hata miaka miwili. Mwaka wa 1964 iliundwa kampuni ya kuendeleza Mto Tana, na bwawa la Kindaruma likaanza kazi mwaka wa 1968. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka arobaini, amri zote za umeme zilitoka Nairobi. Sipendi kuudharau utaratibu huo, maana ndio uliojenga mabwawa ya Tana moja baada ya jingine. Lakini wengi waliokaa kando ya mabwawa yale waliziona nyaya zikipita juu ya vichwa vyao kwenda mjini, nao wakabaki na koroboi.

Katiba ya 2010 ikaleta kaunti 47. Kenya haikuwa shirikisho kama Nigeria, lakini madaraka yaligawanywa. Msomaji atakayefungua Jedwali la Nne atastaajabu: usambazaji wa umeme na gesi, pamoja na udhibiti wa nishati, umetajwa katika kazi za serikali kuu, kisha umetajwa tena, karibu kwa maneno yale yale, katika kazi za kaunti. Mpaka kati ya kazi hizo mbili haukuonyeshwa pale.

Sheria ya Nishati ya 2019 ilijaribu kuuonyesha. Kila kaunti yapaswa kuandika mpango wake, na mipango hiyo yote hukusanywa iwe mpango mmoja wa taifa. Tena, katika mrabaha wa mvuke wa ardhini, kaunti yenye mvuke hupewa asilimia 20, na wenyeji asilimia 5. Hili naliona la haki.

Hata hivyo sheria haifuti ugomvi. Mwezi wa Februari 2025 Kenya Power ilikata umeme katika ofisi za Kaunti ya Nairobi kwa sababu ya deni. Kaunti nayo ilidai ada ya nguzo na nyaya zilizopita katika ardhi yake, na malori yakamwaga takataka mbele ya Stima Plaza, makao makuu ya kampuni. Wapatanishi wakaitwa, takataka zikazolewa, na hesabu za madeni zikawekwa mezani.