Scratch (lugha ya programu)

Scratch ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta iliyobuniwa kwa ajili ya watoto na watu wanaoanza, na hutumiwa zaidi kutunga michezo, katuni na hadithi zenye sauti. Ilitengenezwa na kikundi cha Lifelong Kindergarten cha Media Lab katika chuo cha MIT, Cambridge, Massachusetts, chini ya Mitchel Resnick, ikafunguliwa kwa umma Mei 2007. Mtumiaji haandiki mistari ya maneno na alama. Huburuta bloki za rangi kwa kipanya au kidole na kuzipachika moja chini ya nyingine. Bloki zisizopatana hazishikani, na kwa sababu hiyo makosa ya tahajia na nukta, ambayo ndiyo huwafukuza wanafunzi wengi siku ya kwanza, hayapo kabisa. Scratch haitozwi malipo. Menyu yake ya lugha ina Kiswahili, pamoja na Kiamhari, Kizulu, Kixhosa na lugha nyingine nyingi. Tangu 2019 inasimamiwa na Scratch Foundation, shirika lisilo la faida.

Asili

Chimbuko la Scratch ni lugha ya Logo, na mmoja wa watunzi wa Logo alikuwa mtoto wa Afrika. Seymour Papert alizaliwa Pretoria mwaka 1928, akawa mpinzani wa ubaguzi wa rangi angali kijana, akasomea hisabati, kisha akafanya kazi Geneva na mwanasaikolojia Jean Piaget kuanzia 1958 hadi 1963. Kwa Piaget alijifunza kumtazama mtoto kama mjenzi wa maarifa yake mwenyewe. Alipohamia MIT alichukua wazo hilo akaliingiza kwenye kompyuta, wakati ambapo kompyuta moja ilijaza chumba na hakuna aliyefikiria kumkabidhi mtoto. Mwaka 1967 yeye, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walitoa Logo, lugha iliyokuja kujulikana kwa kobe anayechora anapoamriwa kwenda mbele na kugeuka. Kitabu cha Papert, Mindstorms cha 1980, bado husomwa vyuo vya ualimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Logo ilijaribiwa Dakar, Senegal, jaribio ambalo historia nyingi za kompyuta mashuleni hulipita bila kulitaja.

Resnick alikuwa mwandishi wa habari kabla ya kusoma kwa Papert. Mwaka 1993 yeye na Natalie Rusk walishiriki kuanzisha Computer Clubhouse mjini Boston, ukumbi ambao vijana wa mitaa ya kipato cha chini waliweza kuingia baada ya shule na kutumia kompyuta watakavyo. Vijana hao walitaka kutengeneza michezo na katuni zao wenyewe. Zana zilizokuwapo ama zilikuwa za wataalamu, ama zilimruhusu mtoto kubonyeza tu kile ambacho mtu mwingine alikwisha kukitengeneza. Kazi ya kuziba pengo hilo ilianza 2003 kwa fedha za mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani. Jina lilitoka kwa madijei wanaosugua santuri mbele na nyuma ili kupata mlio mpya kutoka kwenye muziki wa zamani, na kweli kuchukua mradi wa mwenzio na kuubadilisha ni jambo linaloruhusiwa ndani ya Scratch. Tovuti yenyewe humtaja mwenye mradi wa awali.

Matoleo

Toleo la kwanza liliandikwa kwa lugha ya Squeak, kazi iliyoongozwa na mtaalamu John Maloney. Toleo 1.4 la 2009 lilidumu kwa miaka mingi kwenye kompyuta kuukuu za shule. Toleo 2.0, Mei 2013, lilihamia kwenye kivinjari na kuleta nakala za wahusika na bloki za kujitungia, lakini lilitegemea programu-jalizi ya Flash. Flash ilipokaribia kufa, likaja toleo 3.0 tarehe 2 Januari 2019, linalofanya kazi hata kwenye tableti. ScratchJr ya watoto wa miaka 5 hadi 7 ilitoka 2014.

Namna inavyofanya kazi

Programu ya Scratch ina wahusika, na wahusika hao hutembea juu ya jukwaa. Mhusika wa kwanza anayemkaribisha kila mgeni ni paka wa rangi ya machungwa. Kila mhusika ana bloki zake mwenyewe: za buluu humsogeza, za zambarau hubadilisha sura yake, za manjano husubiri tukio kama kubofya bendera ya kijani, za machungwa hurudia au hupima sharti, za kijani hukokotoa. Jukwaa lina upana wa vipimo 480 na kimo cha 360, na sifuri iko katikati. Mtoto hukutana na nambari hasi papo hapo, maana kwenda kushoto ni kuelekea -240 na kushuka ni kuelekea -180. 

Mchezo wa kudaka maembe unaonyesha vizuri kinachojifunzwa. Kikapu huwekwa chini, kwenye y ya -150, na kila mshale wa kibodi unapobonyezwa husogea vipimo 10 kushoto au kulia. Embe hupelekwa juu, y ya 170, kwenye x yoyote ya kubahatisha kati ya -220 na 220, kisha hushushwa vipimo 5. Hapa karibu kila mwanafunzi hukwama, kwani embe hushuka mara moja na kuganda hewani. Amri imetekelezwa kama ilivyoandikwa, ila hakuna aliyeiambia kompyuta irudie. Bloki ya kushusha ikiingizwa ndani ya bloki ya kurudia daima, Scratch huizungusha takriban mara 30 kwa sekunde na embe hufika kikapuni baada ya sekunde mbili na ushei.

Tatizo la pili huja na alama. Mwanafunzi huunda kigeu, yaani mahali pa kuhifadhia namba inayobadilika, hukipa jina, na kuagiza kiongezeke kwa 1 embe linapogusa kikapu. Anadaka embe moja na kupata alama nane au kumi. Sababu ni kwamba embe halijaondoka. Linapita ndani ya kikapu polepole, na sharti la kugusa linapimwa upya kila mzunguko. Dawa yake ni kulirudisha embe juu papo hapo baada ya kuhesabu. Mtoto aliyelikamata kosa hilo peke yake ameelewa kitu ambacho maelezo ya ubaoni hayafikishi. Baada ya hapo mambo huenda kasi: kasi ya kuanguka inageuzwa kuwa kigeu nayo, inaongezwa kila baada ya alama kumi, na embe lililokosa kikapu linapunguza uhai.

Waliobobea hugeukia orodha, yaani kigeu chenye nafasi nyingi. Mfano ni bao la Kiswahili, mchezo wenye mashimo 32 na kete 64, hivyo orodha moja yenye nafasi 32, pamoja na vigeu viwili vya kete 22 zinazobaki mkononi mwa kila mchezaji mwanzoni, hubeba karibu hali yote ya mchezo. Kusambaza kete shimo baada ya shimo ni kazi ya bloki chache. Kinachotoa jasho ni sheria zenyewe: nyumba, ambamo mchezaji huamua kulala au kusafiri, vichwa na vimbi, vinavyoelekeza upande wa kusambaza baada ya kula, na tofauti ya hatua ya kunamua na ile ya mtaji. Wazee wa barazani huzifahamu bila kuzitaja, na anayeziandikia programu hulazimika kuwauliza mpaka wachoke.

Mradi huhifadhiwa katika faili moja la aina ya sb3 ambalo hubebeka kwenye flashi. Nakala za wahusika wote wa mradi haziwezi kuzidi 300 kwa wakati mmoja.

Afrika Mashariki

Kilichoiwezesha Scratch kuingia katika shule za ukanda huu ni toleo lake la kupakuliwa, linalofanya kazi bila intaneti likishawekwa kwenye kompyuta. Mwalimu mwenye flashi moja anaweza kulisambaza katika chumba kizima. Tafsiri ya Kiswahili ipo, ingawa madarasani walimu wengi huiacha katika Kiingereza, lugha ya mitihani mingi ya ukanda huu.

Rwanda iliiingiza Scratch katika mpango wa serikali. Ilipokea kompyuta ndogo za mradi wa One Laptop per Child kuanzia 2008, na mtaala wake wa sayansi na teknolojia kwa madarasa ya juu ya msingi uliitaja Scratch kwa jina. Kenya ilichagua njia nyingine: mwaka 2022 taasisi ya mitaala, KICD, iliidhinisha silabasi ya kuandika programu ya kampuni ya Kodris Africa. Africa Code Week, kampeni iliyoanzishwa na SAP na kuanza Oktoba 2015 katika nchi 17, iliitumia Scratch kama somo la kwanza. Mwaka huo pekee ilitangaza kuwafikia vijana karibu 89,000. Kozi za siku moja za aina hiyo husifiwa kupita kiasi. Dar es Salaam, Apps and Girls ilianzishwa 2013 kufundisha wasichana wa sekondari kuandika programu kupitia klabu za shule, mpango wa muda mrefu ambao bila shaka una tija zaidi.

Watunzi wa michezo wanaojulikana wa ukanda huu, hata hivyo, hawahusishwi na Scratch. Wesley Kirinya wa Kenya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, mwaka uleule Scratch ilipozaliwa. Nairobi X ya Andrew Kaggia ilitoka 2015. Anayejulikana zaidi nje ni Lual Mayen, mkimbizi kutoka Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu hadi akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta. Kambini hapakuwa na umeme, na kufika kwenye kibanda cha intaneti cha kuchajia kulimchukua mwendo wa saa tatu kwa miguu. Masomo ya programu aliletewa na rafiki ndani ya flashi. Alitunga Salaam, mchezo unaomweka mchezaji katika nafasi ya mkimbizi anayekimbia, akahamia Washington na kuanzisha Junub Games. Mwaka 2018 alitambuliwa katika sherehe za The Game Awards huko Los Angeles. Lugha rahisi ingempunguzia miezi. Umeme ungempunguzia mingi zaidi.

Marekani na wahamiaji

Nchini Marekani, mtaa wa South End wa Boston una nafasi katika historia ya Scratch. Huko Mel King, mwanasiasa mweusi aliyegombea umeya wa Boston mwaka 1983 na kufariki 2023, alianzisha South End Technology Center katika majengo ya Tent City. Mpango wake wa Learn 2 Teach, Teach 2 Learn huwafundisha vijana wa mitaa, Scratch ikiwamo, kisha vijana hao huwafundisha wadogo zao wakati wa kiangazi.

South End nyingine, ya Louisville, Kentucky, inawahusu wasemaji wa Kiswahili. Familia nyingi za Wakongo, Warundi na Wasomali zimepata makazi pande za Iroquois na Beechmont, na kituo cha Americana cha Southside Drive huwapokea watoto wa wahamiaji baada ya saa za shule. Mtoto wa huko anaweza kubadilisha bloki zake kuwa za Kiswahili kwa kubofya mara chache, na mzazi asiyesoma Kiingereza akaweza kuufuata mchezo wa mwanawe.

Ukosoaji

Walimu wa vyuo hulalamika kwamba mwanafunzi huzoea bloki na kushindwa kuhamia lugha za maandishi kama Python. Hoja hiyo ina ukweli, lakini Harvard, kwenye kozi yake mashuhuri ya CS50 ya David Malan, huanza wiki ya kwanza kwa Scratch kabla ya kuingia lugha ya C.

Lugha nyingine

Snap! ya Berkeley hufuata mtindo wa Scratch na ina nguvu zaidi. App Inventor ni ya programu za simu. Roblox, jukwaa la michezo, hutumia Luau, lugha iliyotokana na Lua.

Nafasi yake leo

Kufikia 2023 tovuti ya Scratch ilikuwa na akaunti zaidi ya milioni 100. Uchina iliifungia tovuti hiyo Agosti 2020.