Mwamba wa Shiraho na Mizani ya Kaboni

Siku hizi kila kitu cha asili huulizwa swali moja kabla ya kulindwa: kinafyonza kaboni kiasi gani? Misitu imeulizwa, mikoko imeulizwa, na sasa miamba ya matumbawe nayo imepandishwa kwenye mizani hiyo. Nina mashaka na mizani hii, na historia ya mwamba mmoja wa Japani ndiyo inayonipa sababu.

Mwaka 1979 ulitangazwa mpango wa kujenga uwanja wa ndege kwa kufukia mwamba wa Shiraho, katika kisiwa cha Ishigaki. Wanakijiji waliupinga, kwa kuwa mwamba ule ndio uliowapa samaki, pweza na mwani. Baada ya mvutano wa miaka mingi uwanja ulijengwa nchi kavu, ukafunguliwa Machi 2013.

Mvutano huo ukiwa bado haujaisha, wanasayansi nao walikuwa na mjadala wao. Wengi wetu hudhani kwamba tumbawe, kwa kuwa mifupa yake ya chokaa ina kaboni ndani yake, huipunguzia hewa kabonidioksidi. Kemia yasema kinyume. Kwa kila molekuli 10 za chokaa zinazoundwa katika maji ya bahari, takriban molekuli 6 za kabonidioksidi huachwa huru. Mwaka 1992 Ware, Smith na Reaka-Kudla walikadiria kwamba miamba yote ya dunia hutoa kiasi kilicho sawa na asilimia 0.4 hadi 1.4 tu ya kile kinachotokana na uchomaji wa makaa ya mawe, mafuta na gesi.

Hajime Kayanne na wenzake wakaenda kupima Shiraho, siku tatu Machi 1993 na siku tatu Machi 1994. Mchana, mimea ya majini ikitumia nuru ya jua, shinikizo la kabonidioksidi majini lilishuka hadi maikroatmosfia 160. Usiku, viumbe vyote vikipumua, lilipanda hadi 520. Hewani lilikuwa karibu 360. Mwaka 1995 walihitimisha katika jarida la Science kwamba uwanda wa mwamba ule ulikuwa ukifyonza.

Mwaka 1996 Jean-Pierre Gattuso na wenzake waliwajibu katika jarida hilohilo kwamba Shiraho haiwezi kusemea miamba yote. Hapa ndipo penye funzo. Mwamba uliovamiwa na mwani usiojenga chokaa waweza kufyonza kuliko mwamba wenye matumbawe hai. Kwa mizani ya kaboni peke yake, basi, mwamba mgonjwa waweza kuonekana bora kuliko mzima.

Laiti wanakijiji wa Shiraho wangaliegemea hoja ya kaboni, wangalikaa kimya hadi 1995, na mwaka uliofuata hoja yao ingalitiwa shaka. Wao walisema tangu mwanzo kwamba bahari ile inawalisha. Watunga sera wetu wangefanya vyema kuanza na ushahidi wa namna hiyo, ndipo wageukie mizani.