Jando na Tohara: Asili na Uenezi wa Kutahiri Wanaume kwa Ushahidi wa Maneno

Ni jambo la kawaida kusikia, hata miongoni mwa watu wenye elimu, kwamba tohara ya wanaume ililetwa Afrika Mashariki na Waarabu pamoja na dini ya Kiislamu. Hoja inayotolewa mara nyingi ni ya kilugha: neno tohara ni la Kiarabu, na kitenzi kutahiri vilevile, kwa hiyo, yasemwa, jambo lenyewe lilitoka kulikotoka jina lake. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani inategemea kanuni ambayo wanahistoria wa lugha wenyewe huitumia, yaani kwamba kitu kigeni aghalabu huja na jina lake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kanuni hiyo ikitumiwa kwa ukamilifu, kwa kupima maneno yote yanayohusu mila hii na wala si neno moja tu, hufikisha kwenye natija iliyo kinyume. Mila ni kongwe kuliko dini zote zilizopo leo zinazoitetea. Kilichohama mara kwa mara ni jina na maana.

Misri na nchi za Wasemiti

Ushahidi wa kale unaojulikana zaidi unatoka Misri. Katika kaburi la Ankhmahor huko Saqqara, la enzi ya ukoo wa sita wa wafalme, yapata mwaka 2300 K.K., kuna mchoro wa kuchongwa ambao wataalamu wengi huutambua kuwa ni wa vijana wawili wanaotahiriwa. Yafaa izingatiwe kwamba hao ni vijana waliosimama kwa miguu yao, si watoto wachanga. Jiwe jingine la kumbukumbu, la mtu aliyeitwa Uha wa Naga ed-Der, lasema kwamba alitahiriwa pamoja na wanaume 120. Picha inayojitokeza ni ya kundi la watu wa umri mmoja wanaopitishwa pamoja, jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kufafanuliwa.

Katika karne ya tano K.K. Herodotus, Mgiriki, aliandika kwamba Wafoinike na Washami wa Palestina walikiri wenyewe kuwa waliipokea mila hii kutoka kwa Wamisri. Alipofika kwa Wamisri na Wahabeshi, hata hivyo, alisema kwamba hawezi kuamua ni nani aliyejifunza kwa mwenzake, kwa kuwa mila yenyewe ni ya kale mno. Nabii Yeremia naye, kabla ya Herodotus, alizitaja Misri, Edomu, Amoni na Moabu pamoja na Yuda kuwa ni mataifa yaliyotahiriwa. Kwa hiyo Waisraeli hawakuwa peke yao. Waliowashangaza walikuwa Wafilisti, ambao katika vitabu vya kale vya Biblia huitwa kwa dharau watu wasiotahiriwa, kana kwamba kutotahiriwa ndilo jambo geni katika nchi ile.

Hapa lugha yatoa ushahidi wenye uzito. Neno la Kiarabu la kutahiri ni khitani, kutoka mzizi wa konsonanti tatu kh-t-n. Kutoka mzizi huohuo Kiarabu kina khatan, yaani mkwe, na Kiebrania kina hatan, yaani bwana arusi. Kisa kigumu cha kitabu cha Kutoka, ambamo Sipora amtahiri mwanawe kwa jiwe kali kisha ataja bwana arusi wa damu, kinaeleweka vyema zaidi kwa kuukumbuka ukoo huo wa maneno. Wataalamu wengi wamehitimisha kwamba hapo kale tohara ya Wasemiti ilikuwa mlango wa ndoa, ikafanywa ujanani, na kwamba kuihamishia siku ya nane baada ya kuzaliwa ni mabadiliko yaliyokuja baadaye. Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, aliandika kwamba Waarabu wa zama zake walitahiri wavulana baada ya mwaka wa 13, kwa kuwa huo ndio uliokuwa umri wa Ishmaeli. Aidha, Sipora alitumia jiwe na Yoshua aliamriwa atengeneze visu vya mawe, ilhali shaba ilikuwa imekwisha kujulikana. Mila iliyong'ang'ania chombo cha zamani hujitangaza kuwa ni ya zamani.

Dini na maana mpya

Kila dini iliikuta mila hii tayari, ikaipa maana yake. Kwa Wayahudi ikawa agano. Antioko wa Nne alipoipiga marufuku mwaka 167 K.K., na baadaye Kaisari Hadriano katika karne ya pili, watu walikuwa tayari kufa kwa ajili yake, na alama ya mwili ikawa mpaka wa taifa. Ukristo uliugeuza mpaka huo. Mkutano wa Yerusalemu, yapata mwaka 49, uliamua kwamba mataifa waliomwamini Kristo wasilazimishwe kutahiriwa, na Paulo akasisitiza tohara ya moyo. Hata hivyo Wakristo wa Habeshi hawakuacha kutahiri. Mfalme wao Galawdewos, alipojibu lawama za Wareno katika ungamo lake la mwaka 1555, alieleza kwamba watu wake hawatahiri kwa kufuata sheria ya Wayahudi bali kwa desturi ya nchi. Maneno hayo ya mfalme yana thamani kubwa kwa mwanahistoria: mtu wa ndani ya dini anatenganisha wazi dini na mila.

Uislamu nao uliikuta tohara kwa Waarabu. Kurani haiitaji. Hadithi za Mtume huihesabu miongoni mwa mambo ya fitra, pamoja na kukata kucha, kupunguza masharubu na kuondoa nywele za kwapa na za kinena. Wanachuoni walitofautiana: madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, huihesabu kuwa wajibu, ya Hanafi na ya Maliki huihesabu kuwa suna. Kwa Uislamu maana iliyotangulia ni usafi, na kutoka hapo ndipo Kiswahili kilipopata neno tohara.

Ushahidi wa bara

Lau kama tohara ingalifika Afrika Mashariki kwa njia ya Uislamu peke yake, ingalitazamiwa kwamba lugha za bara zingeitaja kwa maneno ya Kiarabu, na kwamba ingekuwa na nguvu zaidi karibu na pwani. Mambo sivyo. Wakikuyu huiita irua, Wakamba nzaiko, Wabukusu embalu, Wamaasai emurata. Mbali zaidi, Waxhosa huiita ulwaluko, na Waluvale wa Zambia na Angola huiita mukanda. Hakuna neno hata moja katika hayo lililotoka Kiarabu, na mengi ya makabila hayo yalikuwa na mila hii kabla ya kumwona Mwislamu wa kwanza.

Mfano ulio bora kuliko yote ni wa Wabukusu. Masimulizi yao yasema kwamba shujaa Mango, baada ya kumwua joka Yabebe aliyekuwa akiangamiza watu, alitahiriwa na majirani zake Wasabaoti, ambao ni Wakalenjin. Msomi mwenye shaka angeweza kukiita kisa hicho hekaya. Lakini majina ya marika yanakithibitisha. Wabukusu wana marika yanayozunguka, miongoni mwao Maina, Chuma, Sawa, Kolongolo, Kikwameti, Kinyikeu na Nyange. Wakalenjin wana Maina, Chumo, Sawe, Korongoro, Kipkoimet, Kimnyige na Nyongi. Kufanana huku hakuwezi kuwa kwa sadfa, kwa kuwa lugha moja ni ya Kibantu na nyingine ni ya Kiniloti. Tena majina ya Kibukusu yamebadilishwa sauti kwa utaratibu unaotazamiwa: r imekuwa l, na silabi funge zimepewa irabu ya mwisho. Yaani mila, kalenda yake na majina yake vilikopwa kwa pamoja. Hapa ile kanuni ya kwamba kitu huja na jina lake yatimia barabara, na yaelekeza Mlima Elgon, si Maka.

Kuhusu Wakalenjin wenyewe, Christopher Ehret, katika kitabu chake cha historia ya Waniloti wa Kusini cha mwaka 1971, alitoa hoja kwamba waliipokea tohara kutoka kwa Wakushi waliowatangulia katika nyanda za juu. Hoja hiyo inairejesha mila upande wa Habeshi, pale pale Herodotus aliposhindwa kuamua. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba chimbuko la dunia nzima ni moja. Wenyeji wa Australia walitahiri wavulana wao bila uhusiano wowote unaojulikana na Misri, na hilo latosha kuonyesha kwamba binadamu amelibuni jambo hili zaidi ya mara moja.

Jando na tohara

Kiswahili chenyewe kinahifadhi tabaka mbili. Tabaka la kwanza ni la maneno ya Kibantu: jando, kumbi, mwari, kungwi, govi. Tabaka la pili ni la Kiarabu: tohara, kutahiri, suna. Maneno ya tabaka la kwanza yataja watu, mahali, mafunzo na mwili. Ya tabaka la pili yataja hukumu na usafi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, anaionyesha Mrima ambamo tabaka zote mbili zinaishi pamoja. Ngariba wa Kiswahili ndiye ngaliba wa Wayao, na mafunzo ya kumbi hayana mfano wake katika vitabu vya sheria.

Nguvu ya neno tohara ilionekana zaidi lilipovuka mpaka wa Uislamu. Watafsiri wa Biblia walipotaka kulieleza agano la Ibrahimu, walitumia kutahiri na tohara, maneno ya usafi wa Kiislamu, wakaongeza govi la Kibantu. Kwa upande mwingine, Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1926, hakutaka kuiondoa mila bali kuifanya ya Kikristo, na jina lililobaki ni jando. Tofauti hiyo yaeleza mengi. Aliyetafsiri maandiko alihitaji jina la tendo. Aliyelea vijana alihitaji jina la chuo.

Neno na uhai wa watu

Suala hili si la kamusi tu. Palipo na jina la aliyetahiriwa pana pia jina la asiyetahiriwa: kihii kwa Wakikuyu, omusinde kwa Wabukusu, msungo kwa baadhi ya Waswahili. Kwa asili majina hayo yalitaja umri, yaani mtoto ambaye siku yake haijafika. Yalipoelekezwa kwa watu wa kabila jingine, yakawa matusi. Wajaluo, ambao kwao alama ya utu uzima ilikuwa kung'oa meno sita ya chini, hawakuwa watoto katika mila yao. Waliitwa watoto kwa kipimo cha wengine. Ripoti ya mwaka 2008 ya Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliandika kwamba katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 wanaume wa Kijaluo walitahiriwa kwa nguvu. Hapo neno la rika lilikuwa limekwisha kuwa kisu.

Katika mwaka huohuo wa 2008 serikali ya Kenya ilianza katika Nyanza mpango wa tohara ya hiari ya wanaume, baada ya majaribio ya Orange Farm, Kisumu na Rakai kuonyesha kwamba tohara hupunguza kwa kiasi cha asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa virusi vya Ukimwi na mwanamke. Neno tohara likapata maana mpya: si agano, si suna, si utu uzima, bali kinga. Wengi waliokubali hawakuhesabu kwamba wamehama kabila wala dini, na hawakukosea.

Historia hii yafundisha, basi, kwamba jina la hivi karibuni lisichukuliwe kuwa cheti cha kuzaliwa cha mila. Neno tohara laonyesha ni nani aliyeifasiri mila hii mara ya mwisho kwa Waswahili. Halionyeshi ni nani aliyeianzisha. Ushahidi wa chimbuko umo katika maneno ambayo vijana wanaotahiriwa zahanati hawafundishwi tena, ya kumbi, ya marika na ya nyimbo za jandoni. Hayo ndiyo yanayopaswa kukusanywa kwanza, wangali hai wazee wanaoyajua.