Walimu Waliosubiriwa Vijijini

Ndugu msomaji, hebu jiulize: serikali inaweza kuwaogopa watoto wa wakulima wanaosomea ualimu? Kule Meksiko iliwaogopa.

Baada ya mapinduzi yaliyoanza 1910, serikali ilitaka elimu ifike mashambani, ikaanzisha vyuo vya ualimu vya vijijini. Chuo cha Ayotzinapa, jimbo la Guerrero, kilianzishwa 1926. Bweni bure, chakula bure, na wanafunzi wenyewe walilima. Mtoto wa maskini hakuwa na mlango mwingine. Sasa ukimfundisha kijana kusoma, si atasoma pia hali ya kwao? Mwaka 1935 wanafunzi wa vyuo hivi waliunda umoja wao, wakadai chakula cha kutosha na nafasi zaidi za masomo.

Mmoja wao, Lucio Cabañas, alisomea Ayotzinapa, akawa mwalimu. Mei 1967 polisi walifyatulia risasi mkutano wa wazazi mjini Atoyac. Mwalimu akakimbilia milimani, akashika bunduki mpaka alipouawa 1974. Tangu hapo vyuo hivi viliitwa viota vya waasi. Mwaka 1969 serikali ilikuwa imeshafunga takriban nusu yake.

Desemba 2011 wanafunzi wa Ayotzinapa walifunga barabara kuu karibu na Chilpancingo. Polisi waliwaua wawili.

Kisha usiku wa tarehe 26 Septemba 2014. Vijana walikwenda Iguala kuchukua mabasi, wapate kusafiri hadi Mexico City kuwakumbuka wanafunzi waliouawa na askari 2 Oktoba 1968. Kuchukua mabasi ya watu ilikuwa desturi yao, nami siisifu. Dereva naye ana watoto nyumbani. Lakini jamani, adhabu yake ni risasi? Watu sita waliuawa, watatu kati yao wanafunzi, na wengine 43 wakachukuliwa na polisi, wasionekane tena.

Mwaka 2015 serikali ilisema miili yao iliteketezwa kwenye jalala la Cocula. Wataalamu huru kutoka nje wakachunguza, wakasema moto mkubwa namna hiyo haukuwako. Mwaka 2022 tume ya serikali yenyewe ilikiri kwamba ule ulikuwa uhalifu wa dola. Mabaki yaliyotambuliwa ni ya vijana watatu tu.

Chuoni, kwenye uwanja wa mpira wa vikapu, wazazi walipanga viti 43. Kila kiti na picha ya mwenyewe.