Gobori Lisilopanda Milima ya Gusii

Septemba 1905 kikosi cha King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza, kikiandamana na polisi, kilipanda milima ya Gusii, nchi ambayo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira. Wenyeji, Abagusii, walikipokea kwa mikuki na ngao. Robert Foran, afisa wa polisi aliyekuwamo katika msafara huo, aliandika baadaye kwamba bunduki ya rashasha ilifyatua muda mrefu hata chuma chake kikawa moto wa kutogusika, na kwamba mamia ya watu, wafu na majeruhi, walirundikana mbele ya mraba wa askari. Wanahistoria hawaafikiani kuhusu idadi. Silaha, hata hivyo, hazina ubishi: rashasha upande mmoja, na upande wa pili mkuki ambao Abagusii huuita ritimo.

Mtu aliyesoma habari za Mirambo, mtawala wa Unyamwezi aliyepigana kwa bunduki, lazima ajiulize: mbona huku hapakuwa na bunduki? Afrika Mashariki ya wakati ule haikuwa na uhaba wake. Mwaka 1888 Euan-Smith, balozi mdogo wa Uingereza Unguja, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia nchi hizi kila mwaka. Nyingi zilikuwa takataka za Ulaya. Majeshi ya huko yalipohamia bunduki za kushindiliwa kwa nyuma, za zamani zilizojaa maghalani ziliuzwa kwa bei ya chini na kupakiwa merikebuni. Unguja zikafunguliwa, zikabebwa na wapagazi pamoja na vipipa vya baruti, zikafika Tabora, Ujiji na Buganda. Kurudi, mzigo ulikuwa pembe za ndovu.

Bunduki hiyo ndiyo gobori. Hushindiliwa kwa mdomo: baruti kwanza, kisha kitambaa au nyuzi za magome, kisha risasi au marisau, vyote vikisukumwa kwa mdeki mpaka vikae sawasawa. Za kwanza kwanza, zilizokuja na Waarabu, ziliwashwa kwa mrao, yaani utambi uliokuwa ukifuka moto polepole. Zikafuata za gumegume, jiwe linalogonga chuma na kutoa cheche. Na mwishoni zile za fataki, kikofia kidogo cha shaba kinacholipuka kikipigwa na nyundo. Mvua ilikuwa adui wa zote, hasa za mrao na za gumegume, maana baruti ya kuwashia ilikaa kwenye kisahani pembeni mwa mtutu.

Wapigaji walililalamikia sana gobori: polepole, halilengi mbali, moshi wake unamfichua mwindaji. Kweli tupu. Lakini lilikuwa na sifa moja ambayo bunduki zilizolifuata ziliipoteza. Mhunzi wa kijiji aliweza kulielewa. Akilifungua, alikuta bomba la chuma, kamani, nyundo, parafujo chache na kitako cha mti. Kitako kikivunjika, alichonga kingine. Kamani ikilegea, aliitia moto na kuifua upya. Risasi za madini ya risasi zikiadimika, alifua vipande vya chuma vya kutosha mdomo. Baruti ndiyo iliyobaki shida, kwa kuwa shura na kiberiti havipatikani kila mahali; kwa hiyo mfalme wa bara aliyetaka vita ilimbidi aangalie kwanza njia ya kwenda pwani. Mirambo alipigana na Waarabu wa Tabora tangu 1871 kwa sababu nyingi, na njia hiyo ni mojawapo.

Kulitunza kulikuwa kazi ya kila siku. Baruti nyeusi huacha masizi yenye chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo hunywa unyevu wa hewa. Gobori lililofyatuliwa jioni likalazwa hivyo hivyo huanza kutu haraka. Dawa yake haijabadilika tangu enzi hizo: maji ya moto mpaka yatoke meupe, kukausha kabisa, kisha mafuta. Asiyekuwa na mafuta ya dukani alitumia ya mnyama.

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya, yakikutana Brussels, yalipiga marufuku kuingiza bunduki katika Afrika kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Marufuku ilikuwa na mlango wa pembeni. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, serikali iliweza kuziruhusu. Kilichofungwa hasa ni bunduki za kisasa, zinazotumia kiasi cha kiwandani, yaani risasi yenye ganda, ambacho mhunzi hawezi kukifua. Mimi naisoma sheria ile hivi: Mwafrika aachiwe silaha anayoweza kuitengeneza mwenyewe, mradi iwe imepitwa na wakati.

Gusii haikupata hata hiyo kwa wingi. Njia kuu ya misafara ilipita kaskazini, kupitia Mumias kwa Wawanga, kuelekea Buganda. Utajiri wa Abagusii ulikuwa ng'ombe na wimbi, vitu ambavyo mfanyabiashara wa pembe hakuwa na haja ya kuvipandia milima. Vijana walilinda mifugo katika kambi zilizoitwa ebisarate, na vita walivyovijua, vya Wakipsigisi na majirani wengine, vilikuwa vya mkuki kwa mkuki. Vita vya namna hiyo havimfanyi mtu atamani gobori. Wabukusu, waliokaribiana na njia ya misafara, walikuwa na bunduki zao mwaka 1895 walipopigana na Waingereza. Na wao pia walishindwa.

Mwaka 1907 Northcote, afisa wa serikali ya Kiingereza ambaye Abagusii walimwita Nyarigoti, alikuja kuweka boma Getembe, Kisii ya leo. Januari 1908 Otenyo Nyamaterere, akihimizwa na nabii Moraa wa Ngiti, alimchoma mkuki. Northcote akapona. Serikali ililipiza kwa kuchoma nyumba na kuteka maelfu ya ng'ombe, na mauaji yakawa mengi hata Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, akaandika kutoka London kuhoji haja ya kuwaua watu wasio na kinga. Miaka michache baadaye ebisarate zilifungwa. Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii na kupigana na Waingereza. Wenyeji, wakidhani Mwingereza ameondoka moja kwa moja, walipora maduka, ofisi na misheni, wakaadhibiwa. Waliobahatika kushika bunduki baada ya hapo waliishika wakiwa na sare ya serikali, na ilipoharibika ilirudishwa ghala la silaha.

Kwingineko ufundi wa gobori haujafa. Leo Marekani kuna wastaafu wanaojenga magobori gereji kama mtu anavyochonga kiti. Chama chao cha taifa kilianzishwa 1933 na makao yake ni Friendship, Indiana. Sheria ya huko ya 1968 haihesabu bunduki za namna hiyo kuwa silaha za kawaida. Tanzania gobori bado lipo vijijini, la kuwinda kanga na kufukuza nguruwe pori shambani, ila sheria ya 2015 inadai kibali, na polisi hukamata mengi yaliyotengenezwa kienyeji. Mtutu wa hayo haujapimwa. Ya viwandani ilipimwa: Birmingham, Uingereza, ilikuwa na nyumba ya kupimia mitutu tangu 1813, ambako bunduki ilijazwa baruti kupita kiasi na kufyatuliwa ili iliyo dhaifu ipasuke huko, isije ikampasukia mnunuzi.

Kenya, Sura ya 114 ya sheria za nchi inamkataza asiyesajiliwa kuwa mfanyabiashara wa silaha kutengeneza bunduki yoyote. Mhunzi wa Nyamira anafua panga kwa springi ya lori, na panga lake linasifiwa sokoni. Ufundi wa gobori hakuurithi, maana babu yake hakuwahi kuletewa gobori bovu alitengeneze.