Hakupiga Kelele, Wala Hakukubali

Barabara ya kutoka Kericho kwenda Bomet hupitia Litein na Kapkatet, na mwendo mrefu msafiri huwa na chai kulia na kushoto. Nimeipita nikifuata historia isiyo na bango lolote njiani: jinsi neno la mwanamke lilivyopimwa kortini tangu michai hii ilipopandwa. Brooke Bond na James Finlay walianza kilimo hapa katikati ya miaka ya 1920, kwenye ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis na Watalai. Serikali ya kikoloni iliyowapa wazungu ardhi ndiyo iliyoleta na sheria, na sheria hiyo ilimtilia shaka mwanamke kabla hajafungua kinywa.

Shaka hiyo ilitoka mbali. Jaji Matthew Hale wa Uingereza, katika karne ya 17, alifundisha kwamba shtaka la ubakaji ni rahisi kulitoa na ni gumu kulikanusha. Fundisho hilo likavuka bahari. Sheria ya Ushahidi ya India, iliyotumika Kenya wakati wa ukoloni, ilimruhusu mtetezi wa mshtakiwa kuonyesha kuwa mlalamishi ni mwanamke wa tabia mbaya. Kanuni hiyo ikarithiwa na Sheria ya Ushahidi ya Kenya iliyoanza kutumika 10 Desemba 1963, siku mbili kabla ya uhuru. Bendera ilibadilika, shaka ikabaki. Mwaka 1970, katika kesi ya Maina, ilisisitizwa tena kwamba ni hatari kumtia mtu hatiani kwa neno la mwanamke au msichana peke yake, kwa kuwa wanawake nyakati nyingine hubuni uongo. Mkipsigis aliyeibiwa ng'ombe hakuambiwa hivyo. Yeye alisikilizwa kama shahidi mwingine yeyote.

Mwaka 1985 ikaja kesi ya Oyier, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Mahakama ya Rufaa ilisema upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba mlalamishi alipinga kwa mwili wake, au kwamba hakuwa na uwezo wa kuamua. Majaji hao hao walisema pia kuwa anayekubali kwa kuogopa kifo au kwa kushurutishwa amebakwa. Lakini wengi walishika sehemu ya kwanza: ulipiga kelele? Nguo ilichanika? Jeraha liko wapi?

Sasa maswali hayo apelekewe mchumaji chai. Nyapara ndiye anayempangia kazi. Akimkasirisha, kesho anaweza kukosa kibarua, na wengine hulala katika nyumba za kampuni, kwa hiyo kupoteza kazi ni kupoteza paa pia. Mwanamke wa namna hiyo akiitwa ofisini na mlango ukafungwa, hapigi kelele. Anawaza karo na unga. Kipimo kinachotafuta michubuko hakimwoni kabisa.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua mbili. Mwaka 2003, katika kesi ya Mukungu, Mahakama ya Rufaa ilitamka kuwa kudai ushahidi wa kuunga mkono kwa sababu tu mlalamishi ni mwanamke ni ubaguzi unaokiuka Katiba. Kisha ikaja Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, iliyopiganiwa bungeni na Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge wa kuteuliwa. Kifungu cha 42 kinasema ridhaa ni kukubali kwa hiari, mtu akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Kifungu cha 43 kinataja nguvu, vitisho, na pia matumizi mabaya ya mamlaka yanayomzuia mtu kuonyesha kuwa anakataa. Kifungu cha 34 kikazuia kuchimbua maisha ya mlalamishi ya kimapenzi bila idhini ya korti. Na kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi sasa kinaruhusu hukumu kwa neno la mwathiriwa peke yake, mradi hakimu aandike sababu za kuamini kuwa anasema kweli. Mshtakiwa hakunyang'anywa haki yake: bado hana hatia hadi ithibitishwe pasipo shaka.

Mwaka mmoja na nusu baada ya sheria hiyo, ghasia za uchaguzi zilifika mashambani. Wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Unilever na jamaa zao, wengi wao wasio wenyeji wa Kericho, walishambuliwa; watu waliuawa na wanawake wakabakwa. Walalamishi 218 walikwenda hadi London kuishtaki kampuni. Mahakama ya Rufaa ya huko iliwafungia mlango mwaka 2018, si kwa kuwaona waongo, bali kwa kusema kampuni mama haikuwa na wajibu wa kisheria kwao. Ushahidi wao haukuwahi kupimwa.

Februari 2023, BBC ilitangaza uchunguzi ambamo zaidi ya wanawake 70 walieleza kudhulumiwa kingono na wasimamizi katika mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka na Unilever na James Finlay. Kampuni zilisimamisha watu kazi, Bunge likaanza kuuliza. Mimi nauliza kuhusu hati ya mashtaka. Ukimshtaki msimamizi kwa unyanyasaji wa kingono chini ya kifungu cha 23, anaweza kutoka kwa faini inayoanzia shilingi 100,000. Ukimshtaki kwa ubakaji chini ya kifungu cha 3, sheria inataja kifungo kisichopungua miaka 10. Palipokuwa na tendo lenyewe, na mwanamke akatii kwa sababu kazi yake ilikuwa mkononi mwa mwanamume huyo, kuliita jambo hilo unyanyasaji tu ni kuukata ukweli nusu.

Basi nawaomba waendesha mashtaka wa Kericho, Sotik na Bomet: mkimsimamisha mchumaji kwenye kizimba cha mashahidi, mwulizeni kwanza nani alimpangia kazi, nani angeweza kumfukuza, na alikuwa analala nyumba ya nani. Majibu hayo ni ushahidi wa ridhaa au wa kukosekana kwake, na kifungu cha 43 kimewaruhusu kuyaleta tangu mwaka 2006.